Sanamu yangu imelipuka motoni: ninunue tanuru, niende chuo ama niache?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Busia, upande wetu wa Uganda. Barua ilikuwa ndefu, nimeifupisha:

"Mwalimu, nyanya yangu ni mfinyanzi, amenifundisha vyungu tangu nikiwa mdogo. Sasa mimi nataka sanamu. Nimefinyanga kichwa cha nyanya mwenyewe, kikubwa, kukibeba ilibidi tuwe wawili. Kimekaa wiki mbili kikauka, tukakichoma pamoja na vyungu vyake. Vyungu vyote vimetoka salama, kichwa kimelipuka vipande. Jirani anasema ni kwa sababu nimetengeneza sura ya mtu aliye hai, ati hiyo si mila ya Waafrika, ni mambo ya wazungu. Kaka yangu anasema nitafute pesa ninunue tanuru ya umeme. Mwingine anasema bila Makerere ninapoteza muda. Na kwani, mtu wa sanamu za udongo anaishije, anakula nini?"

Mdogo wangu, pole kwa hasara. Jirani nitarudi kwake, ila kilicholipua hicho kichwa ni maji, si kitu kingine.

Wiki mbili kwa kichwa cha kubebwa na watu wawili ni kidogo sana, tena hapo Busia ziwa haliko mbali na hewa yenyewe ina unyevu. Nje kilikuwa kimeshageuka rangi, kigumu, ukikigusa unasema tayari, kumbe ndani kule nyuma ya pua na kwenye shingo udongo bado una maji. Maji yakifika digrii 100 yanakuwa mvuke na huo mvuke unahitaji nafasi kama mara 1,700 ya ile maji yalikuwa yanakalia, sasa kama udongo ni mnene hauna pa kutokea haraka, basi unapasua unapita.

Halafu angalia kwa nini vyungu vya nyanya vilitoka salama kwenye moto ule ule. Moto wa wazi, wa nyasi na kuni na kinyesi cha ng'ombe, unapanda haraka mno, unatoka baridi unafika digrii mia kadhaa hata saa haijaisha, na bado chungu kinavumilia. Kinavumilia kwa sababu ukuta wake ni mwembamba na unalingana kila mahali, na kwa sababu najua nyanya yako anachanganya kitu kwenye udongo, mchanga ama vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa, kila mfinyanzi mzee ninayemjua wa huko mashariki anafanya hivyo. Vile vipande vinaacha vinjia vidogo vya mvuke kutokea na pia vinapunguza udongo kusinyaa. Kichwa chako nacho, kwa huo uzito, kilikuwa kimejaa ndani kama jiwe. Udongo ni ule ule, moto ni ule ule, tofauti ni ukuta.

Na hapo ndipo nataka uelewe kazi yenyewe kabla ya mambo ya tanuru na chuo. Mtu wa mbao na mtu wa jiwe anaondoa mpaka sura ibaki, mtu wa shaba anamwaga kwenye kalibu, sisi wa udongo wa kuchoma tunajenga ukuta kuzunguka nafasi iliyo wazi. Ndani ni patupu. Pua ni ukuta uliosukumwa nje kwa kidole, shavu ni ukuta uliojaa, jicho ni ukuta ulioingia ndani. Nyanya amekufundisha hivyo miaka yote bila kuita sanamu, wewe ulipoanza sanamu ukayatupa yote ukaanza kubandika bonge juu ya bonge. Rudi kwenye chungu.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kujenga kwa kamba za udongo kuanzia shingoni kwenda juu, kama unavyojenga mtungi, ukuta unene wa sentimita moja hadi moja na nusu, huku mkono mmoja uko ndani unasukuma na mwingine uko nje unapokea. Sura inatoka ndani kuja nje. Ni ngumu mwanzoni maana lazima ujue unaenda wapi kabla hujafika, lakini kwa mtu aliyekulia kwenye vyungu ndiyo njia yako, na sura zinazotoka hivyo zina uhai fulani ambao mimi siuoni kwenye zile za kubandika. Njia ya pili ni ile inayofundishwa vyuoni sana, unafinyanga kikiwa kimejaa, unafanya pua na midomo vizuri, unangoja kishike, yaani kiwe hakibonyei kwa kidole lakini kinakatika kwa waya, halafu unakata utosi kwa waya, unaufungua kama kifuniko, unachokoa ndani kwa kijiko ama waya uliokunjwa mpaka ukuta ubaki unene ule ule kila mahali. Kisha unakwaruza kingo zote mbili, unapaka uji wa udongo ule ule, unafunga, unasugua alama. Toboa tundu chini ama kwenye matundu ya pua.

Hapo kwa tundu nisahihishe jambo moja ambalo hata walimu wanalirudia: ati hewa iliyofungiwa ndani ndiyo inalipua. Hewa peke yake haina nguvu hiyo. Kitu kilichofungwa kabisa lakini kimekauka kabisa kinaweza kutoka salama, na kitu chenye matundu mengi kikiingia na unyevu kitalipuka tu. Tundu linasaidia ndani kukauke, ndiyo faida yake kubwa, kwa hiyo toboa, lakini usijidanganye kwamba umeshamaliza.

Kukausha ndiko watu wengi wanaharibu. Masikio, pua, ncha za nywele vinakauka kwanza vinaanza kusinyaa wakati shavu bado lina maji, na udongo wetu mwingi unasinyaa karibu asilimia 8 mpaka 12 ukihesabu mpaka umechomwa, sasa sehemu moja ikisinyaa na jirani yake haijasinyaa, ufa unatokea palepale zinapokutana. Kwa hiyo funika kichwa chote na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kila siku fungua kidogo, ila yale masikio yaache yamefunikwa mpaka mwisho. Weka kazi juu ya gazeti ama mchanga ili chini nako kuteleze kikisinyaa, ukiiweka moja kwa moja juu ya ubao inang'ang'ania na shingo inapasuka kuanzia chini. Na ile tabia ya kuweka nondo ama waya ndani ili sanamu isimame, wameiona kwenye video za watu wanaofanya udongo usiochomwa, usiiguse: chuma hakisinyai, udongo unasinyaa, utapata nyufa mpaka ushangae. Kama mkono unahitaji kushikiliwa, fanya nguzo ya udongo ule ule, itasinyaa pamoja nao.

Utajuaje kimekauka? Mama zetu wanaweka chungu kwenye shavu, kikiwa bado na maji kinahisi baridi. Hiyo inafanya kazi, lakini kwa kitu kinene ongeza mizani: pima uzito leo, pima kesho, pima kesho kutwa, siku uzito unapokataa kushuka ndiyo siku ya kufikiria moto. Wakati wa mvua, Machi mpaka Mei na ile ya mwisho wa mwaka, kichwa kikubwa kinaweza kula mwezi na zaidi. Ndiyo hivyo.

Na hata siku hiyo hauingizi moto mkubwa. Hewa yenyewe ina unyevu na udongo unaunywa, kwa hiyo sanamu inakaa kwenye joto dogo chini ya digrii 100 usiku mzima, makaa kwenye sigiri karibu na mlango wa tanuru yanatosha. Halafu kuna maji mengine ambayo hayaonekani, yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, hayo yanatoka kati ya digrii 450 na 600 hivi, na kwenye digrii 573 chembe za mchanga zinabadilika umbo zinavimba ghafla. Kwa hiyo kutoka mwanzo mpaka unapoona ndani kumeanza wekundu wa giza, nenda polepole, digrii 50 hadi 100 kwa saa kwa kazi nene. Ukishavuka hapo unaweza kusukuma. Wakati wa kupoa kumbuka ile 573 inarudi, hivyo usifungue tanuru kwa uchu. Moto wa wazi wa nyanya haukupi nafasi ya kufanya haya yote, ndiyo maana kwa vichwa lazima upate aina fulani ya tanuru.

Sasa jirani.

Mwaka 1929, pale Luzira, huo mlima wa gereza ambao kila mtu Kampala anaujua, wafungwa walikuwa wanachimba wakakuta vipande vya udongo uliochomwa. Vilipounganishwa ikatokea sanamu ya mtu, kichwa na sehemu za mwili, na leo iko British Museum kule London. Wataalamu wa mambo ya kale wanaiweka kama miaka elfu moja nyuma. Miaka elfu moja! Kabla ya mzungu yeyote kukanyaga pwani ya hili ziwa, kabla hata Buganda haijawa hii tunayoijua, kulikuwa na mtu hapa kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyanza (Victoria) aliyefinyanga uso wa binadamu, akaukausha vizuri na akauchoma haukulipuka. Kwa hiyo anayesema sura ya mtu kwenye udongo imeletwa na wageni, mwambie apande taksi aende Luzira. Sisemi udharau hofu za watu, kama nyanya mwenyewe hataki sura yake itengenezwe basi muheshimu, muulize kwanza, hilo ni la familia na halina mjadala. Lakini yeye ndiye aliyekaa ukamfinyanga, si ndiyo?

Kuhusu maisha ya kazi hii nitakupa watu wawili, wanawake, maana najua kule kwenu watakwambia sanamu ni kazi ya wanaume.

Ladi Kwali wa Nigeria alizaliwa karibu 1925, alijifunza vyungu kwa shangazi yake kama wewe kwa nyanya. Vyungu vyake vilikuwa na mijusi na nge na samaki waliochorwa kwenye udongo mbichi, Mwingereza mmoja Michael Cardew akaviona kwenye nyumba ya mfalme wa Abuja ya zamani (leo Suleja, si mji mkuu) mwaka 1950. Cardew akaanzisha kituo cha ufinyanzi hapo Abuja, na 1954 mama Ladi akaingia, mwanamke wa kwanza pale. Mkono wake haukubadilika, aliendelea kujenga kwa kamba za udongo kama shangazi alivyomfundisha, kilichobadilika ni moto na ile glezi juu, yaani ule mpako unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo. Alifariki 1984 na leo ukishika noti ya naira 20 yuko nyuma yake, anafinyanga.

Wa pili ni wa hapa hapa Afrika Mashariki, Magdalene Odundo, alizaliwa Nairobi 1950. Alianza na sanaa za matangazo, 1971 akaenda Uingereza, na ni huko Cambridge ndiko alishika udongo kwa dhati. Unajua alifanya nini baadaye? 1974 na 1975 akarudi Afrika, akaenda Abuja kukaa na kina Ladi Kwali, kujifunza kile ambacho wewe unacho bure nyumbani. Kisha akapita pia kwa Wahindi Wekundu wa New Mexico kuona vyungu vyao vyeusi, 1982 akamaliza Royal College of Art. Yeye hafinyangi vichwa, anafinyanga vyombo, lakini ukiviangalia unaona shingo, tumbo, mgongo, mwanamke amesimama amegeuka kidogo. Hatumii gurudumu wala glezi. Anajenga kwa mkono, anakwangua, anapaka uji mwembamba sana wa udongo, anasugua mpaka ung'ae, anachoma. Ukichoma na hewa ya kutosha unatoka mwekundu wa machungwa, akiuchoma tena kwenye moto ulionyimwa hewa unakuwa mweusi. 2020 Uingereza ikampa cheo cha Dame. Ninachotaka ukione hapo ni kwamba sanamu na chungu si dini mbili, na kwamba ule weusi na ule mng'ao nyanya anaujua, wa jiwe la mtoni na moshi.

(Ukisugua kwa jiwe usipite digrii 950 hivi, ule mng'ao unapotea. Na tafadhali, ile ya kupaka sanamu rangi ya viatu ing'ae ndiyo wauze barabarani, mimi siipendi, wateja wenye macho wanaijua kutoka mbali.)

Tanuru. Kaka yako anakupenda lakini asubiri. Tanuru ya umeme ya kuingia kichwa kikubwa inataka fezi tatu, inataka nyaya za kubadilisha kila baada ya muda na hizo zinaagizwa nje, halafu umeme ukikatika saa ya nane ya moto kazi yote iko ndani inapoa ovyo. Kwa mtu anayeanza Busia hiyo ni deni la kukukalisha usiku macho. Jenga ya kuni. Ile rahisi kabisa ya moto wa kupanda: chini tundu la moto, juu yake sakafu yenye matundu, juu chumba cha kama mita moja kila upande, juu kabisa unafunika na vigae vilivyopangwa bila kukazwa ili moshi upite. Tofali za kawaida za kuchoma zinavumilia mpaka karibu digrii 1,000 na terakota yako, yaani udongo huu wa kuchoma, haihitaji zaidi ya hapo, 900 mpaka 1,000 inatosha kabisa. Usitumie simenti kuunganisha, moto utaivunja, tumia udongo na mchanga. Sakafu usiweke nondo tupu maana kwenye joto hilo zinalegea zinainama, piga tao la tofali ama tengeneza vijiti vinene vya udongo wenye vigae. Moto uanze nje kabisa ya mlango, mdogo, masaa mengi, ndipo unausogeza ndani taratibu. Ni kazi ya kukesha, tafuta mtu wa kupiga naye stori.

Kuni usikate msitu. Mabaki ya kalitusi kutoka kwa wapasua mbao yanafaa, maganda ya kahawa watu wa tofali wanayatumia, na nyie mko karibu na mpunga wa Bugiri na Butaleja, makapi yake ni mengi. Makapi hayafai kuwasha peke yake lakini ni mazuri ya kufunika mwishoni ukitaka nyeusi. Joto utalijua kwa rangi, wekundu wa giza ni kama 600 na kitu hadi 700, wekundu wa wazi 800 hadi 900, ukiona unaenda kwenye machungwa umekaribia 1,000. Ukipata pesa nunua kipima joto cha taipu K, hicho ni bora kuliko simu mpya.

Udongo nao ulinde. Kinamasi hakichimbwi ovyo, kuchimba udongo ama mchanga kwenye ardhi oevu kunahitaji kibali, kwa hiyo kabla hujaanza kubeba kwa lori nenda kwa ofisa mazingira wa wilaya. Anachochota nyanya kwa karai ni kitu kingine na unachotaka kuchota kwa biashara ni kingine. Na siku ukitaka kupanda kwenye joto la juu, digrii 1,200 kwenda mbele, udongo mwekundu wa bwawani utayeyuka, itabidi utafute udongo mweupe, na huo tunao hapa hapa, kaolini ya Mutaka kule magharibi na ule udongo wa Mukono. Lakini hiyo ni hatua ya mbali, usiikimbilie.

Chuo: Makerere ni pazuri, shule ile ya sanaa ilianza 1937 kwenye baraza ya nyumba ya Margaret Trowell na imetoa watu. Gregory Maloba, aliyefanya ule mnara wa uhuru wa 1962 pale mjini Kampala, alikuwa mtoto wa magharibi ya Kenya, sio mbali na nyie, na aliingia pale akiwa kijana. Bruno Sserunkuuma amefundisha pale na vyungu vyake vyenye michoro ya wanawake wa Kiganda vinajulikana mbali. Kyambogo nako kuna sanaa. Chuo kinakupa tanuru usilolinunua, watu wa kubishana nao na maktaba. Hakikupi mikono. Kama alama zako na ada vinaruhusu, nenda. Kama haviruhusu, njoo Kampala siku chache, ingia Uganda Museum uangalie vyungu kwa saa nzima, pita galeri ya Nommo, pita soko la sanaa nyuma ya National Theatre uone kinachouzwa na bei, halafu urudi ufanye kazi. Nimeona wenye digrii ambao hawajagusa udongo tangu wahitimu, na nimeona mama wa kijijini ambaye ukuta wake wa chungu mimi siuwezi.

Sasa tumbo, maana hilo ndilo swali lenyewe. Wengi wetu hatuishi kwa sanamu, tunaishi kwa vitu vidogo na sanamu inakuja mara moja moja. Vyungu vya maua vya hoteli, taa za bustani, vibao vya majina ya nyumba, vigae vya ukutani, zile sehemu za udongo za ndani ya sigiri, kufundisha watoto wa shule Jumamosi. Mwezi mbaya unakula hivyo. Sanamu yenyewe inakuja kwa oda: mtu anataka sura ya baba yake marehemu, kanisa linataka kitu, mgahawa unataka kichwa kikubwa mlangoni. Kwa oda chukua nusu ya pesa kabla hujalowesha udongo, na usiseme kwa sababu ni ndugu, ndugu ndio wabaya zaidi. Kama ni sura ya mtu aliyefariki omba picha za pande zote, picha moja ya pasi haitoshi, na mwite mtu wa familia aje aone udongo ukiwa bado mbichi, akishakubali hapo akubali kwa maandishi, maana baada ya moto hakuna kurekebisha mdomo.

Bei yako iwe na kuni, usafiri wa udongo, siku zako, na vile vilivyovunjika. Hapa ndipo vijana wanaumia, anahesabu kile kilichotoka kizima tu. Kama kwenye kila moto unapoteza kazi kadhaa, hizo zilizobaki ndizo zinazolipa hizo zilizokufa. Galeri ikichukua kazi yako itataka kamisheni, theluthi mpaka nusu, usishtuke, lakini hakikisha mmeandikiana nani analipa ikivunjika dukani. Na usafirishaji: boda na sanamu ni maadui, lakini ikibidi, weka kwenye boksi la mbao na unga wa mbao umeshindiliwa kila upande, shingo isiguse kitu chochote kigumu.

Kitu ambacho hawatakwambia ni mapafu. Udongo mkavu ukiwa vumbi una silika, ukiivuta miaka na miaka inakaa kwenye mapafu na haitoki, ugonjwa wake hauna dawa. Usifagie studio ikiwa kavu, hata siku moja, panguza na maji. Ukitwanga vigae fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, funga pua na mdomo na barakoa ya kweli, si leso, na mwambie nyanya pia hata kama atakucheka. Na ukija kutumia glezi, ile yenye madini ya risasi usiiweke kwenye chombo cha kula.

Basi, cha kufanya wiki hii, kabla ya tanuru na kabla ya kichwa kingine. Chukua udongo wa nyanya, tengeneza vibao vidogo kama kumi, nusu uviache kama alivyouchanganya yeye na nusu uongeze vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, kama kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya udongo. Kwenye kila kibao kikiwa kibichi chora mstari wa sentimita 10 kamili. Pima mstari kikishakauka, pima tena kikishachomwa kwenye moto wa nyanya. Kisha kile kilichochomwa kipime uzito kikiwa kikavu, kiloweke siku nzima, kifute, upime tena uone kimekunywa asilimia ngapi. Andika yote kwenye daftari na unitumie: mstari umebaki ngapi mara zote mbili, maji kiasi gani, na vipi vimepinda ama vimepasuka. Nikiona hizo namba ndipo nitakuambia ukuta wa tanuru uwe tofali moja ama mbili, na kichwa cha nyanya ukianze na ukubwa gani ili kikitoka motoni kiwe sawa na chake.